Mzee Miiba Alivyofufuka Nairobi

Mmeniuliza mara tatu sasa, nyinyi vijana wa mtaa wa Jamhuri mnaokutana kila Jumamosi kubishana juu ya katuni: picha ya kuchorwa kwa mkono na hii ya kompyuta, ipi bora? Mmemuuliza mtu mbaya. Mimi sikuwahi kuchora hata kuku. Nilikuwa opereta, yule mtu wa chumba cha juu nyuma yenu, ambaye mlimkumbuka tu picha ikikatika, na mkimkumbuka ni kwa matusi. Miaka thelathini na kitu nimeitwa mlevi, nimeitwa kipofu, nimeambiwa nirudi Kangemi nikauze sukuma wiki. Sukuma ningeuza vizuri tu, asanteni sana.

Lakini kwa kuwa mmeng'ang'ana, nitawasimulia kisa kimoja, jibu mtajitafutia wenyewe. Kina aibu yangu ndani. Njeri amenipa ruhusa nikiseme, na bila ruhusa yake msingenitoa hata neno.

Kwanza muijue kazi. Picha haikuja kwa kile kidude mnachoning'iniza shingoni pamoja na funguo. Ilikuja kwa mikebe. Mikebe ya bati, ya mviringo, mizito, mitano kwa picha moja ya watoto, na kila mkebe una rili ya dakika kama ishirini. Mashine zilikuwa mbili. Rili ikikaribia kuisha, kidoti kinatokea kona ya juu kulia ya pazia. Nyinyi hamkukiona kamwe kwa sababu mlikuwa mnatazama picha. Mimi sikutazama picha, nilitazama kidoti. Kikitokea mara ya kwanza unawasha mashine ya pili. Kikitokea mara ya pili unahamisha. Ukichelewa, pazia linakuwa jeupe na watu wanaanza kumtaja mama yako.

Aliyenifundisha ni Mzee Mutiso, mtu wa Machakos, mlokole kabisa, ambaye sikuwahi kumsikia akimjibu mtu vibaya hata walipotutupia njugu kupitia kidirisha. Alinifundisha kupitisha filamu katikati ya vidole viwili wakati wa kuirudisha nyuma, ili nihisi kingo zake. "Usiangalie, Shikuku. Guza." Palipoanza kuchanika unapahisi kabla hapajakatika. Unakata, unakwangua, unapaka gundi, unabana, unahesabu hadi kumi bila kupumua. Kila ukiunga namna hiyo unapoteza vipicha viwili vitatu, na vile vipande Mutiso hakutaka kuviona sakafuni. Mimi nilivitia kwenye mkebe wa majani chai. Sikuwa na sababu yoyote, ilikuwa tabia tu.

Na alikuwa na hii nyingine: usafi. Mkebe ukiingia na vumbi, hakuufungua kabla ya kuufuta. Nami nilikuwa kijana, nilitaka kumpita mwalimu wangu kwa usafi. Hapo ndipo nilipoharibu.

Wakati huo Mutiso alikuwa ameenda matangani kwao kwa siku nne, na nikaachwa na chumba peke yangu kwa mara ya kwanza. Ijumaa ikaja picha ya katuni kutoka nchi moja ya mbali, maandishi yake hakuna aliyeyajua, maneno yenyewe machache, nyimbo tele. Baba nungunungu na mtoto wake. Hata jina lake halisi sikulijua. Watoto wa Nairobi walimwita baba Mzee Miiba, na mtoto wakamwita Kamiiba, na ndivyo nitakavyowaita.

Mikebe ilikuwa michafu ajabu. Ilikuwa imepita bandarini, imemwagikiwa kitu kama asali, inanata. Nikaona, Mzee Mutiso akirudi atakuta kazi. Nikatoa rili zote tano, nikapandisha mikebe mitupu juu ya paa, nikaiosha kwa sabuni na maji moto, nikaianika juani. Iling'aa. Na karatasi za namba zilizokuwa zimebandikwa juu yake zikaenda na maji, wala sikuzikumbuka mpaka nilipokuwa nimesimama na rili tano mezani, nazikodolea macho.

Msinicheke bado. Ya kwanza niliijua kwa jina la picha, ya mwisho kwa majina ya watu mwishoni. Ya pili niliikisia kwa hadithi. Zile mbili za katikati, vipande vyake vya mwanzo vyenye namba vilikuwa vimekatwa na opereta mwingine huko zilikotoka, naye Mungu amsamehe. Fundi mwenye akili angeziendesha zote mbili Ijumaa hiyo hiyo na kuzitazama. Mimi nilipaka kidole mate, nikaguza kingo kama nilivyofundishwa, nikajiambia hii iliyochakaa zaidi ndiyo imetangulia. Kwa nini? Hata leo sijui.

Jumamosi mchana ukumbi umejaa. Inaanza vizuri. Rili ya tatu nikapakia ile niliyoichagua. Mafuriko yakaja, Mzee Miiba akamsukuma Kamiiba juu ya mwamba, maji yakamchukua baba, yakachukua na skafu nyekundu ya mtoto. Watoto ukumbini wakalia kwa sauti moja. Nami nikasema, kumbe ni picha ya huzuni. Kidoti kikatokea. Nikahamisha.

Na huyo Mzee Miiba, mzima kabisa, anacheza ngoma darajani!

Jasho lilinitoka mpaka kwenye kope. Nikawaza kuzima, lakini kuzima katikati ni kujiitia vita. Nikasikia viatu vya Bwana Kanti, mwenye sinema, vikipanda ngazi mbio, yeye ambaye kwa tumbo lake hakupanda ngazi zile ila Krismasi.

"Wewe Shikuku! Huyu mutu nakufa saa hii hii, sasa nacheza ngoma namna gani?"

"Bwana, nimekosea. Nimepindua rili."

Akainua mkono nikajua ni kibao. Lakini mkono ukabaki juu. Chini huko watu walikuwa wanapiga makofi. Hapana, si makofi tu: watoto walikuwa wamesimama kwenye viti, wanapiga kelele, "Amerudi! Amerudi!", na kina mama wanafuta macho wakicheka. Bwana Kanti akachungulia kidirishani muda mrefu.

"Mimi naonyesha picha tangu baba yangu iko hai," akasema polepole. "Wewe nasikia watu napiga makofi katikati ya picha mara ngapi?"

"Sijasikia, Bwana."

"Basi. Wacha hivyo."

Na ikaachwa hivyo. Ilikaa wiki baada ya wiki, kila onyesho Mzee Miiba akifa na kufufuka kwa ratiba. Rili ya mwisho ilimwonyesha Kamiiba mkubwa akivuka daraja peke yake, lakini hiyo haikumsumbua mtu. Nilisikia mama mmoja akimweleza mtoto wake ngazini kwamba baba amebaki nyumbani anapika.

Mutiso aliporudi aliitazama mara moja, mwanzo hadi mwisho, amesimama nyuma yangu na koti lake la msiba. Nilimweleza yote: paa, sabuni, amri ya Bwana Kanti. Nilidhani atakuwa mkali, au atacheka. Akasema tu, "Umemfufua mtu, Shikuku. Sasa nani atamlisha?" Kisha akachukua kitambaa chake akaanza kufuta mashine. Mimi niliona ni maneno ya mzee aliyechoka na safari.

Picha ikarudi kwao, haikuja tena. Haikutoka kwa kaseti huku kwetu. Kwa hivyo kokote duniani watu walijua Mzee Miiba amekufa, isipokuwa Nairobi. Nairobi peke yake alikuwa hai.

Sasa rukeni nami miaka mingi. Bwana Kanti amekwenda zake, sinema imekuwa kanisa, na pale palipokuwa chumba changu wanahifadhi vipaza sauti. Mimi nimestaafu, niko Kangemi. Siku moja nimeenda Dagoretti Corner, kuna saiba ya kompyuta pale juu ya duka la dawa, nichapishiwe barua ya malipo yangu ya uzeeni. Mwenye saiba ni mama wa miaka thelathini na kitu, miwani, sauti ya kuamrisha. Huyo ndiye Njeri. Ukutani juu ya kichwa chake kuna karatasi kubwa imeandikwa kwa kalamu ya rangi: ZIMEBAKI SIKU 41.

"Siku za nini, mama?"

"Hujasikia, mzee? Wanaitoa upya ile ya Mzee Miiba! Kwa kompyuta! Wewe ulikuwa Nairobi wakati ule ama ulikuwa mashamba?"

Nikasema nilikuwa Nairobi. Nikakaa chini kabla hajaniambia nikae.

Kevo alikuwa kwenye mashine ya dirishani, ndiyo, wewe Kevo, usijifiche. Akageuka na kiti chake. "Buda, hii itakuwa noma! Nimeona vipande kwa neti. Kila mwiba unacheza kivyake. Ukipulizwa na upepo unauona, moja moja!"

"Miiba itakusaidia nini?" Njeri akamkata. "Ile ya mkono ilikuwa na roho. Hawa watu wa kompyuta wakiondoa pale baba anaporudi, wametuua."

Kumbe hapo ndipo vita vilipokuwa. Njeri aliniambia yote akichapa barua yangu. Watu wa ng'ambo kwenye neti walikuwa wanawaambia watu wa Nairobi kwamba hakuna sehemu kama hiyo, kwamba wanatunga, kwamba labda waliota. Njeri akakusanya sahihi, karatasi kwa karatasi, kutoka kwa watu wazima walioiona wakiwa watoto, akaziandikia barua, akazituma huko huko wanakotengeneza picha: msimwondoe Mzee Miiba. Jina lake juu kabisa. Ng'ambo walimwita mwongo, na yeye akaapa mbele ya kikundi chenu chote kwamba siku hiyo ikifika watamwomba msamaha.

"Mzee, ile sehemu ndiyo imenilea," akaniambia, akinipa barua yangu. "Baba yangu alikuwa amezikwa wiki mbili kabla. Shangazi akanipeleka sinema ninyamaze."

Nililipa nikashuka ngazi bila kuchukua chenji.

Ningefanya nini? Nikinyamaza, mtoto wa watu ataingia ukumbini na sahihi zake zote na kuaibika mbele ya kikundi chake na mbele ya wale wa ng'ambo. Nikisema, namuua baba yake mara ya pili kwa mkono wangu mwenyewe. Nilirudi pale mara nne nikiwa na maneno yangu tayari. Na kwa kuwa huwezi kuketi saibani bila shughuli, nilimwandikia binamu yangu wa Kakamega barua mbili za kompyuta, mtu ambaye hajui kusoma na hataki kujifunza. Karatasi ya ukutani ikasema 30, ikasema 22, ikasema 15.

Iliposema 9 nilimkuta peke yake, saa ya chakula, amefunga mashine zote, anakula githeri kwenye kontena. Nikasema kabla sijaketi.

"Mama, mimi ndiye niliyekuwa juu. Opereta. Baba hakurudi. Niliosha mikebe, nikapindua rili, na mwenye sinema akasema iachwe. Hakuna sehemu hiyo. Haikuwahi kuwapo."

Akaweka kijiko chini. Nilitegemea anitukane. Mtu aliyezoea matusi kama mimi huyangojea, yanamsaidia.

"Skafu," akasema.

"Unasemaje?"

"Maji yalichukua skafu. Baba akirudi, Kamiiba ana skafu shingoni. Halafu mwishoni hana tena. Nilikuwa na miaka tisa, mzee, si mjinga. Niliona siku ile ile."

"Sasa kama uliona..."

"Niliona nikakataa kuona." Alivua miwani akaifuta kwa leso yake, akaivaa tena. "Unajua nilifanya nini nikifika nyumbani? Nilimwekea baba sahani. Kila jioni. Mama anapakua, mimi naongeza sahani moja. Kama Mzee Miiba alichukuliwa na maji akarudi, baba yangu alilala tu hospitalini, atashindwa nini? Miezi mitatu. Mama akachoka kunipiga, akaanza kukipakua chakula kweli, halafu asubuhi anakipasha anakula yeye. Mpaka shangazi akazificha sahani."

Mutiso, Mutiso. Ndipo nilipolisikia vizuri swali lake, miaka yote hiyo baadaye, na yeye keshazikwa kwao.

"Nisamehe," nikasema.

"Mlijua ni kosa, mkaliacha kwa sababu tulipiga makofi?"

"Ndiyo."

"Enda nyumbani, mzee. Tafadhali. Enda tu."

Nilienda. Kwa siku tisa nilikaa nyumbani nikiangalia ukuta. Nilijua atafuta mambo yote, atavunja kikundi. Asubuhi ya siku yenyewe Kevo akabisha mlangoni kwangu na tiketi mkononi. "Mathe wa saiba amesema lazima ukuje. Amesema ukikataa nikubebe." Kevo alikuwa na kilo kama hamsini na tano, lakini nilikwenda.

Mnakumbuka wenyewe ilivyokuwa Westlands siku ile, ndani ya lile jumba la maduka. Nyote na fulana zenu za Mzee Miiba, mnaimba kwenye foleni. Njeri hakuwa amewaambia neno. Kanihifadhia kiti kando yake, hakunisalimu. Mimi kwa mazoea niligeuka kutazama kidirisha cha opereta. Siku hizo filamu nzima ilikuwa imeungwa ikawa moja tu, imelazwa kwenye sinia kubwa, kijana anabonyeza kitufe anaenda kunywa chai. Hakuna rili ya kupindua.

Picha ilikuwa nzuri, nisiwadanganye. Kila mwiba ulicheza kivyake, Kevo alisema kweli. Mafuriko yakaja, na maji yale yalikuwa maji hasa, nikavuta miguu. Baba akaenda. Skafu ikaenda. Na nyinyi nyote mkaketi wima mkingoja, wengine mmeshainua mikono tayari kupiga makofi.

Kamiiba akaamka peke yake kwenye mwamba. Akaanza kutembea. Akatembea.

Ndipo mkageuka. Kikundi kizima, watu wazima wenye kazi na watoto, mkageukia kile kidirisha nyuma na kupiga kelele: "Opereta! Rudisha mzee! We opereta!" Kevo ulipanda juu ya kiti. Yule kijana wa kitufe nadhani alikuwa bado kwenye chai. Na mimi niliyetukanwa maisha yangu yote nilikaa katikati yenu nikiona aibu kwa niaba yake.

Njeri peke yake hakugeuka. Alikuwa anamtazama Kamiiba akitembea, na analia. Hakuwa analia kilio cha sinema, mnakijua kile cha kufuta jicho moja. Alilia kilio cha msiba, mabega yote, kama mtu aliyepigiwa simu sasa hivi. Nikampa leso yangu, akaichukua, hakuirudisha.

Nje mkafanya mkutano wenu papo hapo na kutoa uamuzi: kompyuta haina roho. Watu wa ng'ambo wamekata sehemu tamu kwa makusudi. Mkono ni mkono. Mlisema kwa uchungu mkubwa, na mkaninunulia soda kama shahidi wa enzi zile. Sasa mnajua mlichokuwa mnakipigania: sabuni, maji moto, na mpumbavu mmoja juu ya paa. Bishaneni tena Jumamosi ijayo, lakini mkiitaja ile roho ya mkono, mjue ni mkono wa nani.

Wiki ile niliutafuta ule mkebe wa majani chai chini ya kitanda. Vipande vilikuwa vimekauka, vingi vimekuwa vyekundu. Nikapekua mchana kutwa nikivishika mbele ya dirisha mpaka nikakipata kipande kimoja: vipicha vitatu vilivyoshikana, nilivyokata mwenyewe rili ile ilipochanika wiki ya pili. Mzee Miiba darajani, mdomo wazi, mguu mmoja juu. Ukikitazama karibu kabisa unaona pale brashi ya mchoraji ilipoacha unywele wake kwenye rangi.

Nikakipeleka Dagoretti Corner saa ya chakula. Karatasi ya siku ilikuwa imebanduliwa, ukuta umebaki na alama za gundi. Njeri akakishika dirishani kwa vidole viwili, kwenye kingo, jinsi inavyopasa, na hakuna aliyemfundisha.

"Huyu sasa amekufa," akasema.

"Amekufa, mama."

"Sawa." Akakibandika kwenye kioo cha dirisha kwa selotepu, kwenye mwanga. Kisha akaingia nyuma ya pazia nikasikia vyombo. Nikachukua kofia yangu niondoke. Akatoka na sahani mbili za githeri, akaweka moja mbele yake, ya pili akaisukuma upande wangu wa meza.

Sikuigusa. Nilishindwa hata kuitazama.

"Kula, mzee," akasema, mdomo umejaa. "Hiyo ni yako."